Diski Iliyokuwa Mzingani

Syombua mwanangu,

Nakuandikia kwa jicho moja. Lile la kushoto limefunga duka tangu saa nane mchana, na mkono wa kulia una vidole vinne vinavyokunjika na kimoja kilichokataa, kwa hivyo ukiona herufi zimelala chali usiseme baba yako amerudia chupa. Ni nyuki. Nitakueleza walivyonipata, lakini usiniharakishe, mimi si mashine yako.

Uko Nunguni kwa shangazi yako, unaagwa kwa chai na baridi, na umesema utafika hapa kabla ya giza. Mama yako ameenda kutafuta pojo za kukufungia, kana kwamba Kisumu hawali. Nimebaki na kuku na kalamu. Habari ya kula vizuri, kulala mapema na kutojibu namba usizozijua sitaigusa. Mama yako amejaza karatasi mbili mbele na nyuma, na ukimaliza kuzisoma utakuwa umeshastaafu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu shuleni ndicho nilichofundishwa kuandikia. Darasa la sita nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe, ingawa mwalimu alishukuru Mungu mbele ya watu.

Nina jambo moja tu. Kesho asubuhi kikundi chetu chote cha nyuki kinakuja hapa nyumbani kukuaga, na kila mtu ndani yake anaamini wewe ndiye uliyeharibu kompyuta yao. Unaenda Kisumu kutunza kompyuta za hospitali nzima, na hapa Kanyangi unaacha jina la msichana aliyepoteza picha za wazee. Jina hilo si lako, mwaitu. Ni langu. (Nakuita mama yangu na nitaendelea, una jina lake na una macho yake ya kunipeleleza. Nawe endelea kuniita Nau, baba yako.)

Nusu ya mambo haya unayajua kuliko mimi. Lakini wewe ulikuwa mbele ya kompyuta na mimi nilikuwa nyuma yake, na nyuma ndiko mambo yalikotendeka. Acha niyaandike yote mara moja.

Unakumbuka uliporudi kutoka chuo ukiwa na cheti na huna kazi, ukatukuta tunagombana juu ya mizinga. Mzinga wetu wa gogo una alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto, na kando yake kialama kidogo cha mwenyewe. Nani ana mzinga gani katika mti gani, hayo yalikuwa kichwani mwa wazee tu. Mzee akifa, watoto wake wanakuja na mapanga kwenye mti mmoja, kila mmoja akisema baba aliniambia mimi. Ukasema tupige picha. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Wewe ukavaa viatu vyangu vya mpira, misimu miwili ya kiangazi ukatembea nao porini mti kwa mti, ukipiga picha ya kila alama, ukiandika mwenyewe ni nani, mti uko wapi, nani alimrithisha. Watatu kati ya wazee hao tumeshawazika. Alama zao haziko mahali pengine popote duniani ila katika ile diski ndogo, kubwa kama Agano Jipya, ambayo mama yako aliisukia kiondo chake na kukishona mdomo ili vumbi lisiingie, ikabaki tundu ya waya tu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya shule iliyokuwa inaitupa. Kikundi kikaamua ikae kwetu, katika kile chumba tulichokuwa tukiwekea mahindi, kwa sababu niliapa kwamba hakina panya. Nikapewa ufunguo. Mwenyekiti wetu Musembi akasema mbele ya wote: diski haitatoka katika chumba hicho bila watu wawili kujua. Mimi nikasema sawa. Nilisimama wima kama askari. Tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kunipa ufunguo wa kitu chochote isipokuwa mama yako, na yeye alininyang'anya.

Kisha wezi wakavunja duka la Musembi wakabeba betri ya sola. Sikulala. Nikajiambia kompyuta ni ng'ombe mzee, nani ataibeba, lakini diski inaingia mfukoni. Sasa, wewe unajua mimi vitu vyangu vya thamani navificha wapi. Mzinga ule mtupu kwenye mgunga nyuma ya zizi la mbuzi umehifadhi simu yangu, kitambulisho changu, na wakati fulani chupa ambayo mama yako anaitafuta hadi leo. Hakuna mwizi Mkamba atakayeingiza mkono katika mzinga asioujua. Nikafumua kiondo kwa chini, nikatoa diski, nikaweka kipande cha sabuni ya mche nilichokikata sawasawa, nikashona tena, waya nikauchomeka ndani ya sabuni. Nilijivunia sana kazi ile. Diski nikaifunga kwa karatasi ya plastiki nikaipandisha mzingani. Watu wawili walijua: mimi, na mimi nikiwa juu ya mti.

Asubuhi yake nikawasha kompyuta, nayo ikaandika kwamba kuna diski haiioni, nisubiri, au nibonyeze S nipite. Ulikuwa umenifundisha ile S zamani. Nikabonyeza. Ikapita. Kesho yake nikabonyeza tena. Wiki mbili, mwanangu, mashine inaniambia kila asubuhi kwamba kuna kitu hakipo, na mimi nairuka kama anayeruka mbwa aliyelala mlangoni. Wewe ukija inakuwa imeshaamka zamani, unaandika majina yako, picha huna haja nazo siku hiyo. Na katikati ya wiki hizo mvua ikanyesha, kundi la nyuki likapita likitafuta nyumba, likaona mzinga wangu. Wakaingia. Hawakuuliza ndani kuna nini.

Halafu ukasema mfumo wa kompyuta umezeeka, hauletewi tena dawa za kuulinda, utaupandisha uwe mpya. Nikasema pandisha. Kwani nilijua? Nilidhani ni kama kupaka nyumba rangi.

Unakumbuka ulivyofanya kazi siku ile nzima, ukinunua bando mara mbili. Ukamaliza, ukaiambia ijizime iwake upya, ukaenda kunywa uji. Nikabaki nayo mimi. Ikawaka, ikaanza kuandika, ikasema inangojea diski. Nikabonyeza S. Haikujali. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Mfumo mpya hauna adabu ya yule mzee wa kwanza. Mashine ikasema itangoja dakika moja na nusu, ikaanza kuhesabu sekunde, moja baada ya nyingine, ikinitazama. Nikachomoa waya wa betri.

Ulipoingia uliniuliza, "Nau, umeizima vipi?"

"Ilikuwa inahesabu," nikakuambia. "Kitu kinachohesabu sikai nacho chumba kimoja."

Hukucheka. Ulipoiwasha tena ikawa mbaya zaidi, skrini nyeusi, maandishi meupe yakishuka kama mchwa, na mwisho ikasimama ikasema kuna majeraha katika diski yake kubwa ya ndani na mtu ayatibu kwa mkono. Ile ya ndani niliijeruhi mimi kwa kuchomoa waya. Andika hilo pia kwa jina langu.

Hapa ndipo nataka nikuambie nilichokiona, kwa sababu nyumba hii haina desturi ya kusifu mtu usoni mwake, na kesho nitakuwa na mengine ya kusema.

Nilimpigia yule fundi wa Kitui mjini. Akasema, "Mzee, futeni kila kitu, wekeni upya, saa moja mmemaliza." Nikakupa simu umsikie. Ukamsikiliza kwa heshima, ukamshukuru, ukakata, ukavuta kile kigoda cha kukamulia mbuzi ukakaa. Ukakaa tu. Mimi nimezoea watu wakiharibikiwa wanapiga kitu. Wewe ulikuwa unasoma.

"Si ubonyeze kitu," nikasema.

"Imeandika yenyewe mahali inapoumwa, Nau. Niache nisome."

Ukaandika amri moja, nayo ikaanza kukuuliza. Hapa pamevunjika, nirekebishe? Ukajibu ndiyo. Na hapa? Ndiyo. Maswali yalikuwa mengi kuliko ya wakwe. Nikakuuliza kwa nini usiiambie ndiyo kwa yote ukapumzika.

"Naweza," ukasema. "Lakini nataka kuona inashona wapi."

Mimi nimechonga mizinga maisha yangu yote, na nakuambia fundi unamjua kwa neno kama hilo. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mbuzi.

Majeraha yakaisha, ukaiwasha, ikahesabu ile dakika na nusu, ikaanguka tena pale pale, ikasema iko katika hali ya dharura. Sasa ukasoma kwa sauti ili nisikie: "Inangoja diski ya picha. Haiioni, na bila hiyo inakataa kuendelea." Ukanionyesha kwamba ndani yake kuna karatasi ndogo ya maandishi, orodha ya diski zote inazopaswa kukutana nazo ikiamka. Mfumo wa zamani ukikosa moja ulikuwa unakuuliza na kukuruhusu kupita. Huu mpya ukikosa moja unakaa chini kama mtoto aliyenyimwa nyama. Ukataka kubadilisha orodha, ikakukatalia. Ilikubali kusomwa, haikukubali kuandikwa. Ukaiandikia mstari mmoja wa kuiomba ruhusa, ikafungua. Ukaongeza neno moja dogo mwishoni mwa mstari wa ile diski, la kuiambia isiingoje. Ukaiwasha, ikaamka kama haikuwahi kuumwa.

Nilitaka kupiga kelele. Kisha ukafungua folda ya picha, na ndani hamkuwa na kitu.

Ukapeleka mkono nyuma ukapapasa kiondo. Kilikuwa kigumu, waya uko ndani. Ukachomoa upande wa kompyuta ukachomeka tena. Ukajaribu tundu nyingine. Kisha ukasema polepole, "Diski imekufa. Nimeiua nikipandisha mfumo."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yako, mwaitu, hatua mbili. Ningesema neno moja. Nikasema, "Pole."

Kwenye mkutano ukasimama mwenyewe kabla hujaitwa. Ukasema ni wewe uliyepandisha mfumo, na kama kuna kosa ni lako, na hukutengeneza nakala ya pili ya picha na hilo pia ni lako. Mke wa marehemu Mzee Nzioka akafunika uso kwa leso. Musembi akasema, "Tulikuamini kwa sababu umesoma." Watu wakanitazama mimi kwa huruma, baba wa msichana. Nikapokea ile huruma. Niliipokea nikaketi nayo.

Jioni hiyo ukamwambia mama yako utawaandikia Kisumu kwamba huendi. Ukasema, "Nikiua mashine ya wazee wa kijiji, nitagusaje ya wagonjwa?" Nilisikia nikiwa jikoni nyuma ya mlango. Bado sikusema.

Sasa nikuambie kwa nini nilijua vizuri ninachokifanya. Si kwamba nilikuwa mjinga. Nimeshakifanya mara moja.

Kaka yangu Kioko ulimjua akiwa mzee wa Matiliku, mwenye machungwa na kofia. Hukuwahi kuuliza kwa nini mzaliwa wa kwanza wa nyumba hii alienda kuishi upande wa Makueni kwa wakwe. Nilipokuwa kijana nilipanda mti karibu na mto nikarina mzinga. Kulikuwa na moshi, sikuona alama, lakini niliupapasa na vidole vyangu vikasoma. Haikuwa yetu. Nikarina hata hivyo. Asali nikaificha katika nyumba ya Kioko kwa sababu yangu ilikuwa inavuja. Mwenyewe alipokuja na wazee, wakaikuta kwa Kioko. Baba akamuuliza. Kioko akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi.

Hakunitaja. Kuiba asali ya mtu huku kwetu si kama kuiba mahindi. Mahindi ni njaa, asali ni tabia. Alilipa faini, na baada ya hapo hakuna mtu aliyekubali kutundika mzinga jirani na wake. Mwaka haukuisha, akahama. Nilienda Matiliku mara mbili nikiwa nimejipanga kumwambia neno, na mara zote mbili tukazungumza habari ya mvua. Mara ya tatu nilikwenda kumzika. Watu wakasimama wakasema alikuwa mtu mwema, ingawa ujanani aliteleza kidogo. Nilikuwa na koleo mkononi. Nikaendelea kufukia.

Basi unaona. Ulipofunga sanduku lako ukalirudisha juu ya kabati, nilijua hasa kinachokuja baada ya hapo. Na bado nilikwenda kulala.

Siku mbili baadaye nikakuta umelishusha tena sanduku. Unakunja nguo, unaimba. Nikajiambia maombi ya mama yako ni makali. Ukaniuliza, bila hata kunitazama, "Nau, nyuki wa mzinga wa zizini waliingia lini?" Nikafurahi sana. Nikakueleza habari za nyuki kwa muda mrefu, nikadhani mtoto wangu mwishowe anapenda nyuki. Na bafuni kulikuwa na kipande kipya cha sabuni ya mche, kimekatwa sawasawa kama Agano Jipya. Nimekiogea siku nne. Siku nne nimejipaka ushahidi kichwani nikapiga mluzi.

Leo asubuhi, baada ya wewe kuondoka kwenda Nunguni, nikachukua daftari ulilonitengenezea, lile la "Mashine Ikikataa Kuamka", nikajizoeza ili usije ukasema nilikuaga bila kusoma. Nikafuata hatua zako kwa kidole. Soma kwanza. Usichomoe waya, hata ikihesabu. (Hilo umelipigia mstari mara tatu, nimekuelewa.) Nikafika ukurasa wa nne, unaponifundisha kuifungua ile orodha ya diski na kuitazama bila kuigusa. Nikaandika herufi moja moja. Ikafunguka. Na juu ya mstari wa diski ya picha kulikuwa na mstari mwingine unaoanza na ile alama ya ua wa miti, ambayo uliniambia mashine ikiiona huupita mstari huo bila kuusoma, kwa sababu ni maneno ya watu. Umeandika:

# Diski ya picha. Iko mzingani kwa Nau. Isingojwe. Ikirudi, ipokewe.

Niliusoma mara nyingi kuliko nilivyosoma katika madarasa yote sita.

Kwa hiyo ulifumua kiondo. Uliona ule mshono si wa mama yako. Ukaijua sabuni, ukaujua mzinga, ukajua kila kitu. Ungenyoosha kidole kimoja tu na mkutano mzima ungenigeukia. Badala yake ukanipa sabuni nioge, ukashusha sanduku lako, ukaamua kuondoka umebeba kosa langu kama Kioko. Tofauti ni kwamba Kioko alinitazama. Wewe umeniandikia mahali ambapo ningepaona tu siku nikisoma mwenyewe. Ulikuwa na hakika kwamba nitafika ukurasa wa nne. Hakuna mwalimu aliyewahi kuwa na hakika hiyo.

Sikuweza kungoja giza, ambayo ndiyo saa ya kurina kwa mtu mwenye akili. Ungekuwa umesharudi. Nikapanda jua likiwa utosini, moshi kidogo, shati moja, mimi mwanachama mwanzilishi wa kikundi cha nyuki. Nyuki waliniosha kwa miiba. Nilishuka na diski mkononi, imefunikwa gundi ya nyuki kila upande kama andazi lenye sukari, na mama yako amesimama chini ya mti ameshika kiuno.

"Umeiba mzinga wako mwenyewe?" akaniuliza.

Nikamwambia yote pale pale. Yako, na ya Kioko pia. Kwa ya kwako alikuwa ameshaanza kunishuku. Kwa ya Kioko alikwenda akaleta kitunguu akaanza kunipaka usoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nikakwangua gundi kwa kisu. Nikaichomeka diski kompyuta ikiwa inawaka. Niliogopa, nakuambia kweli, mikono yote miwili, hata ule uliovimba. Haikuuliza. Haikuhesabu. Taa ndogo ikapepesa, na folda ikajaa. Nikafungua ya kwanza niliyoiona: alama ya Mzee Nzioka, mistari miwili na duara, na kidole chake cha shahada chenye kucha iliyopasuka, anatuonyesha wapi pa kutazama.

Nikamtumia Musembi ujumbe aje. Akaja na fimbo yake, akanitazama uso huu, akaketi.

"Nilikuja kukukaripia," akasema, "lakini naona nyuki wamekuhukumu kabla yetu."

"Bado hujasikia kesi."

Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, hata habari ya sabuni, na pale kwenye sabuni bega lake likatikisika. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikaweka ufunguo. Hiyo iliuma kuliko jicho. Akasema faini ni mbuzi, na kwamba yeye hatasema lolote kesho. Nitasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wote na mbele ya mjane wa Nzioka, kabla wewe hujainua sanduku. Nikamwambia ndivyo nilivyotaka, na kwamba kuna neno lingine nitaongeza juu ya mtu aliyezikwa Matiliku, na baadhi ya wazee watakaokuwepo ndio waliomtoza faini. Musembi alikuwepo siku ile, kijana kama mimi. Akachora chini kwa fimbo. Akasema, "Sema polepole basi. Mimi nitakuwa nimeketi karibu."

Kwa hiyo nyama utakayokula kesho, usiende ukajisifu Kisumu kwamba baba yako alikuchinjia mbuzi kwa mapenzi. Ni faini. Kula bila kushukuru.

Nakuandikia usiku haujafika ili uisome barua hii kabla hawajaja, usije ukasimama katikati ya maneno yangu ukaanza kunitetea. Nakujua. Ukae. Usiseme "hata mimi nilikosa nakala ya pili". Hilo ni lako na ni dogo, utalifanyia kazi huko uendako. Picha zote nimemwambia mama yako azipeleke kwenye flashi mbili, moja akae nayo yeye, moja Musembi. Mimi sipewi.

Na wakikuuliza huko hospitalini kama umewahi kuharibu kitu, waambie umewahi kutengeneza. Waambie fundi alisema futa, wewe ukavuta kigoda ukasoma. Siku moja kutakuwa na mashine iliyoanguka na watu waliovaa makoti meupe wamekusimamia kichwani, na mmoja wao, nakuapia, atakuwa amechomoa waya na hatasema. Mtazame vizuri kabla hujajilaumu. Atakuwa amesimama hatua mbili nyuma, anasema pole.

Nasikia mama yako anarudi, anakemea kuku. Nimalizie.

Nimechukua lile daftari lako, nyuma ya ukurasa wa nne, nikaandika mstari wangu kwa kalamu, wenye alama ya ua mbele ili mashine isiusome. Kiti chako kitaendelea kukaa mezani lakini hatutakaa tukitazama mlango. Tutakula, tutalima, tutagombana, nyumba itaamka kila asubuhi hata kama haikuoni. Ndivyo ulivyotufundisha. Ukirudi, saa yoyote, bila kupiga simu, utachomekwa tu mahali pako na taa itawaka. Nimeandika:

# Syombua yuko Kisumu. Asingojwe. Akirudi, apokewe.

Sasa ficha karatasi hii, na usiifiche mzingani. Kuna watu ndani.

Baba yako,
asiye na ufunguo